Fundi Aliyeandikwa Mpiganaji

Nyumbani, 3 Machi

Kwa Mwanasheria wa Jeshi, ghorofa ya tatu,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kujuliana hali. Yako siiulizi. Yangu unaijua, maana umeitia sahihi.

Orodha yenu imebandikwa kwenye geti la halmashauri tangu Jumatatu. Nilipanga foleni na wake za watu mpaka nikafika mbele, nikavaa miwani, nikasoma. Waliokufa katika nyumba ya pampu ni watatu. Namba moja, mwanamke, raia. Namba mbili, mwanamume, mpiganaji. Namba tatu, mwanamume, mpiganaji. Chini kabisa mmeandika "Imehakikiwa kisheria", halafu sahihi yenye mkia uliopinda kurudi nyuma kama wa nge. Mkia huo nilikusahihisha daftarini miaka minne na haukunyooka. Nilidhani hautamdhuru mtu.

Namba mbili ni mume wangu, shemeji yako, fundi wa pampu za maji za mji huu kwa miaka kumi na tisa. Silaha kubwa aliyowahi kushika ni spana. Namba tatu ni msaidizi wake, baba wa watoto wanne, mtu anayezunguka mtaa mzima kumkwepa mbwa. Namba moja ni jirani yetu mshona nguo. Alikwenda kumfokea mume wangu kwa sababu bomba lake lilikuwa kavu siku ya tatu ile.

Askari wenu walipoingia mjini baada ya shambulio waliichukua miili yote; mshonaji mlimrudisha kwao baada ya siku mbili, akaoshwa, akazikwa. Hao wawili mliondoka nao kwenye lori siku mlipouacha mji. Ofisa wenu wa pale darajani ananiambia miili ya wapiganaji inashikiliwa hadi pande mbili zibadilishane. Nibadilishane nini mimi? Sina maiti ya askari wenu uvunguni.

Sitaki pole yako. Nataka neno moja lifutwe na jingine liandikwe mahali pake, ili nimzike mume wangu. Mpwa wako ana miaka tisa na kila asubuhi ananiuliza baba amelazwa wapi. Nimemwambia mjomba wake anajua.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la dawa, ndiye pekee wanayemruhusu kuvuka daraja. Atapita kwako kuchukua jibu.

Mjane wa fundi


Ofisini, 11 Machi

Dada, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara tatu, mlango ukiwa umefungwa. Una uchungu, na kwa sababu hiyo nitayameza uliyoniandikia, ingawa hata uchungu una mipaka yake. Mimi sikurusha kombora. Mimi huletewa faili, nikalisoma, nikaandika kama sheria inaruhusu au hairuhusu. Basi.

Nikueleze kama ninavyowaeleza makamanda. Nchi iliyoshambuliwa ina haki ya kujihami. Haki hiyo imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na serikali yetu iliandikia Baraza la Usalama siku ileile roketi zenu zilipoanguka sokoni kwetu. Watu thelathini na mmoja, dada. Siku ile hukuniandikia hata mstari. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Na ndani ya vita vyenyewe sheria inatudai tutofautishe mpiganaji na raia, tupime madhara ya raia dhidi ya faida ya kijeshi, na tuchukue tahadhari kabla ya kupiga. Yote yalifanyika. Droni iliitazama nyumba ile siku sita. Mwanamume mmoja alikuwa akitoka na kuingia mara tatu kwa siku, saa zilezile, na kitu kirefu begani. Alikuwa akizungumza kwa redio ya mawasiliano. Watu walimjia mmojammoja, wakakaa dakika chache, wakaondoka. Jengo lenyewe ni handaki tupu: mlango mmoja, halafu ngazi kumi na moja za kushuka chini ya ardhi, zege pande zote. Ungeletewa wewe faili hilo ungesema nini?

Unataka nifute neno kwa kuwa ni shemeji yangu. Umesahau tulikotoka. Baba alikuwa hakimu na alimfunga baba mdogo miezi sita kwa baiskeli ya wizi, ndugu yake wa tumbo moja, na mji mzima ukamheshimu mpaka anaingia kaburini. Nilikuwa na miaka mitano tu, lakini kisa hicho ndicho kilichonilea. Sheria haina shemeji. Na usidhani ninayaandika haya kwa furaha.

Ipo Tume ya Uchunguzi, imeundwa na pande zote mbili tangu mapigano yaliposimama. Ina ofisi upande wenu wa daraja. Jaza fomu, subiri zamu yako kama wengine.

Mdogo wako,
Mwanasheria Mshauri


Shuleni, 17 Machi

Kifungu,

Jina hilo nilikupa mimi ulipokuwa na miaka saba, kwa sababu kila ulipokaribia kuchapwa ulinukuu kanuni za shule. Nalirudisha, maana naona hujakua. Shikamoo yako nimeiacha palepale ulipoiandika.

Ndani ya bahasha utaikuta barua yako mwenyewe. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama ninavyosahihisha hesabu za darasa la sita. Kitu kirefu begani: bomba la maji la inchi tatu. Yalikuwa yakipasuka kila siku kwa mtetemo wa makombora yenu, naye alikuwa akiyabadilisha. Mara tatu kwa siku: maji hufunguliwa kwa zamu, alfajiri mtaa wa juu, saa sita mchana shule na zahanati, jioni mtaa wa chini. Hakuna mwanamke katika mji huu asiyezijua saa hizo. Redio: alikuwa akiongea na msaidizi wake aliyekaa kwenye tangi kule mlimani, kwa kuwa mitandao ya simu mliikata ninyi; siku mliyopiga msaidizi alikuwa ameshuka kuchukua betri. Waliomjia mmojammoja: wenye mabomba makavu. Mngemuuliza mtu mmoja tu wa mji huu angewajibu bila malipo. Umepata sifuri.

La sokoni umenipata. Sikukuandikia, na nilipaswa. Nililia, lakini nililia kimya nikiogopa majirani, na hiyo ni aibu yangu nitaibeba. Ila wale thelathini na mmoja hawakuuawa na fundi wa maji.

Sasa tuje kwenye ngazi. Nilipofika mstari huo kalamu ilisimama.

Droni huona paa. Ngazi ziko ndani, nyuma ya mlango wa chuma, ambao mume wangu hakuuacha wazi hata siku moja kwa sababu ya vumbi. Anayejua kwamba ni kumi na moja ni mtu aliyezishuka. Mwaka juzi ulikuja likizo, ukapelekwa kuonyeshwa pampu mpya, ukateleza ukakaa kitako ngazi ya mwisho. Mlirudi nyumbani mnacheka mpaka chai ikapoa. Njia ya mwongo ni fupi, Kifungu, na yako ina ngazi kumi na moja.

Nijibu swali moja. Ulipolifungua faili hilo, uliijua nyumba?

Mwalimu wa hesabu


Ofisini, 22 Machi

Dada,

Usinihoji kama mwizi wa kuku. Maelezo ya ndani ya jengo yalitoka kwa mpelelezi wetu, na habari za wapelelezi siwezi kuzieleza kwa mtu wa upande wa pili.

Ndiyo, upande wa pili. Ulichagua siku ulipovuka daraja na mabegi yako. Mume wako naye hakuwa malaika. Wapiganaji walipolala shuleni kwako wiki nzima, walioga maji ya nani? Walikunywa maji ya nani? Nani aliwafungulia? Hilo hukuliandika kwa kalamu nyekundu.

Usiniandikie tena hapa. Bahasha zako zinaonekana.

Mwanasheria Mshauri


Nyumbani kwangu, 29 Machi

Dada,

Dereva ananiambia uliisoma barua yangu umesimama barazani, ukamkabidhi bahasha tupu aniletee. Nimeiweka mezani. Siwezi kufanya kazi ikiwa pale na siwezi kuitupa.

Niliijua.

Picha ya kwanza tu, niliijua kwa lile tangi la mlimani na njia ya changarawe. Picha za siku ya tatu nilimjua na yeye, kwa namna anavyoburuta mguu wa kushoto akipandisha. Nilikaa na zile picha saa nzima. Ofisi nzima inajua dada yangu ameolewa ng'ambo. Miaka sita wananipima, kila nikisema hapana kwa shabaha yoyote upande wenu mtu anakohoa. Nikajiambia, nikifungua mdomo na kusema ile ni nyumba ya pampu na yule ni shemeji yangu, watasema nalinda ndugu. Nikamfikiria Baba na baba mdogo. Nikaona huu ndio mtihani wangu na mimi. Nikanyamaza.

Kuna jingine, na hili ni baya zaidi. Mpelelezi hayupo. Kwenye kikao kamanda aliuliza kama jengo lina sehemu ya chini. Nikasema linayo, ngazi kumi na moja. Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilitaka nionekane sifichi kitu. Wakabadilisha kombora, wakachukua linalopenya zege. Basi nikawaambia ukweli wa kumuua, ule wa kumwokoa nikabaki nao.

Niliandika kwamba wapige saa ambayo watu ni wachache. Wao wakachagua saa sita mchana, wakidhani ni saa ya watu kupumzika majumbani. Sikujua kwamba ndiyo saa ya kuifungulia maji zahanati. Hilo nimelijua kwa kalamu yako nyekundu.

Sheria yenyewe iko wazi, dada, naifundisha maofisa wapya kila mwaka: penye shaka, mtu huhesabiwa raia. Mimi sikuwa na shaka. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni raia, na nikatia sahihi. Na hata kama aliwapa wapiganaji maji ya kunywa, fundi anayefungua maji ni raia vilevile. Niliyokuandikia tarehe 22 ni matusi tu, nayajua.

Ichome barua hii ukishaisoma. Nikifungwa hakuna atakayefaidika, na maji yakishamwagika hayazoleki. Nipe muda, nitatafuta njia ya kimyakimya ya kukurudishia mwili.

Mdogo wako


Nyumbani, 6 Aprili

Kifungu,

Siichomi. Na usinitajie maji.

Niliisomea jikoni, nikakaa chini sakafuni na sikuinuka mpaka mpwa wako aliporudi shule. Nimekuchukia siku nane mfululizo, usiku na mchana, kwa bidii. Leo nina nguvu kidogo ya kukuandikia, kwa hiyo sikiliza.

Umejenga maisha yako juu ya kesi ambayo hukuiona. Wewe ulikuwa na miaka mitano, ulikuwa nyumbani ukila udongo. Mimi nilikuwa na kumi na miwili na ndimi niliyekuwa nampelekea Baba chakula mahakamani. Siku ya kesi ya baba mdogo, karani alisoma jina la mshtakiwa. Baba akafunga daftari lake. Akasimama, akasema mbele ya watu wote, "Huyu ni ndugu yangu. Kesi hii siwezi kuisikiliza." Akashuka kwenye kiti, akapita katikati ya watu, akaja kukaa benchi la nyuma pamoja nami na bakuli langu la chakula. Hakimu mwingine aliletwa kutoka wilaya ya jirani baada ya wiki, na huyo ndiye aliyemfunga baba mdogo. Baba alikuwa kwenye benchi akilia kama mtoto. Watu walimheshimu kwa kuutangaza undugu. Wewe umeumeza, ukauita haki.

Mitaani kisa kilifupishwa, kama visa vyote: hakimu kamfunga ndugu yake. Nyumbani hakuna aliyekusahihisha kwa sababu ulikuwa unakisimulia vizuri, na Baba mwenyewe alichoka kukieleza. Kosa hilo nalihesabu letu sote. Lakini wewe ulisomea sheria. Ulisomeshwa kwamba mwenye undugu hutamka na kukaa pembeni. Ungesema tu, "Namjua mtu huyu," ungetoka kwenye kile chumba, faili likapewa mwingine, na huyo mwingine angelazimika kuuliza unamjuaje. Hapo angesikia kwamba ni fundi wa pampu. Huo ndio umbali uliokuwepo kati ya mume wangu na uhai.

Njia ya kimyakimya sitaki. Kimyakimya ndiyo iliyomuua. Iandikie Tume kwa mkono wako, uwaeleze yote, hadi tarehe kumi na tano. Tarehe kumi na sita asubuhi, kama sijasikia kitu, nitaipeleka barua yako mwenyewe ofisini kwao kabla ya kengele ya shule.

Mjane wa fundi


Tume ya Uchunguzi, 24 Aprili

Ndugu Mwalimu,

Tunathibitisha kwamba tarehe 12 Aprili Tume ilipokea tamko la hiari kutoka kwa Mwanasheria Mshauri wa Jeshi. Katika tamko hilo alieleza kuwa baada ya shambulio aligundua kwamba jengo lilikuwa la huduma ya maji na kwamba wote waliouawa walikuwa raia. Kwa kutegemea tamko hilo pekee, siku iliyofuata Tume iliamuru majina namba mbili na namba tatu yahamishiwe safu ya raia na miili irejeshwe kwa familia. Taarifa ya kukujulisha ilitumwa halmashauri siku hiyohiyo. Tunasikitika kusikia kwamba hukufikishiwa.

Tarehe 16 Aprili Tume ilipokea kutoka kwako barua ya mwanasheria huyo ya tarehe 29 Machi. Kwa kuwa barua hiyo inaonyesha kwamba aliijua hali ya jengo na ya marehemu kabla ya kutoa idhini, faili limepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Mhusika amevuliwa cheo na yuko mahabusu akisubiri kesi.

Mwili wa marehemu mume wako utakabidhiwa darajani tarehe 29 Aprili, saa tatu asubuhi. Njoo na kitambulisho.

Karani wa Tume


Nyumbani, 2 Mei

Mdogo wangu, huko mahabusu,

Tumemzika juzi. Jeneza lilikuja limepigwa misumari na askari akaniambia nisifungue. Nilifungua. Msaidizi naye amezikwa siku hiyohiyo, safu ileile, na mkewe alinishika mkono tangu mwanzo mpaka udongo wa mwisho. Mpwa wako hakulia makaburini. Alilia jioni, alipofungua bomba la uani likatoa maji. Wameleta fundi mpya.

Karani ameandika kistaarabu lakini nimemwelewa. Nilipokuwa nagonga mlango wao asubuhi ile ya tarehe kumi na sita, mume wangu alikuwa ameshaandikwa raia siku tatu nyuma. Karatasi yangu ilikuwa imelala kwenye droo ya halmashauri, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa. Ningepita kuiulizia, ningemzika mume wangu vilevile, na wewe ungekuwa ghorofa ya tatu. Dereva ananiambia huko kwenu wanasema dada amemuuza ndugu yake. Huku pia wapo wanaosema hivyo, na wengine wamekula matanga yangu.

Nimejiuliza siku tatu: ningejua, ningeipeleka?

Umewaambia uligundua baada ya shambulio. Ulikuwa tayari kunirudishia maiti yake, lakini hukuwa tayari kukubali kwamba ulimtambua akiwa hai, akipandisha na bomba lake begani. Kwa neno hilo mume wangu anakuwa ajali, bahati mbaya ya vita, na kesho faili jingine litaletwa mezani kwako na mke wa mtu mwingine atapanga foleni getini. Ningeipeleka. Usidhani ninaandika kwa moyo mkavu. Nilikubeba mgongoni mpaka ukaacha kunyonya, nilikufundisha kushika kalamu, na tangu nipate barua ya karani silali vizuri kwa sababu yako, jambo ambalo linaniudhi sana. Hata hivyo ningeipeleka.

Wameniita kuwa shahidi, kesi itaanza mwezi ujao. Nimeuliza taratibu. Kabla ya kuapishwa nitaulizwa kama nina undugu wowote na mshtakiwa. Nitawaambia ni mdogo wangu wa tumbo moja, na nitasema kwa sauti, uisikie mpaka hapo ulipokaa. Kisha nitatoa ushahidi wangu wote.

Dada yako